Kichwa kinauma: kipi cha kutuliza nyumbani, kipi cha kukimbiza hospitali

Sista wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni muuguzi, nakaa upande wa wagonjwa wa nje. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sista, hiki kichwa ninywe dawa nilale, au nimwone daktari?" Nimeona niliwekee uzi wake, kwa sababu kuna watu wanachelewa kuja kwa kukosa jibu lake, na wengine wanakesha na hofu bila sababu.

Wengi wanapima kichwa kwa ukali wa maumivu. Kikiuma sana wanaogopa, kikiuma kidogo wanapuuza. Ukali peke yake hautoshi. Kipandauso kinaweza kumlaza mtu chini kutwa nzima akitapika, kesho akaamka mzima. Na maumivu ya wastani tu yanaweza kuwa ya damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu wiki kadhaa baada ya kuanguka. Mgonjwa akikaa mbele yangu namuuliza kimeanzaje, kimekuja na nini kingine, na kama anakijua au ni kigeni kwake. Majibu yake ndiyo yananiambia asubiri kwenye benchi au nimwingize kwa daktari hapo hapo.

Vichwa vingi vinavyotuuma si ishara ya ugonjwa mwingine. Ukikaa na wagonjwa muda mrefu unaanza kuvitofautisha hata kabla mtu hajaongea. Mwenye kichwa cha kukaza anaingia anatembea vizuri, anashika kipaji kwa mikono yote miwili, anasema kinambana pande zote kama kafungwa mkanda. Anaweza kuendelea na shughuli zake ila kwa shida. Hiki huletwa zaidi na msongo wa mawazo, kukosa usingizi, kukaa na shingo imeinama saa nyingi, au kushinda bila kula.

Mwenye kipandauso anakuja kafunika macho, anaomba taa izimwe. Mara nyingi ni upande mmoja, kinadunda pamoja na mapigo ya moyo, na akipanda ngazi kinazidi. Kichefuchefu, kutapika, mwanga na kelele vinamtesa. Asipotibiwa kinaweza kudumu saa 4 hadi siku 3. Baadhi huona vimulimuli, mistari ya kuvunjikavunjika au doa la giza kabla maumivu hayajaanza. Hali hiyo huja polepole na huondoka ndani ya saa moja. Wanawake wanapata kipandauso karibu mara tatu zaidi ya wanaume, na wengi kinawafuata karibu na siku za hedhi.

Wa tatu ni nadra, lakini ukimwona humsahau. Huyu hatulii. Anazunguka chumba kizima, anajigonga ukutani, jicho la upande mmoja jekundu linatoa machozi, pua ya upande huo huo imeziba. Kinadumu dakika 15 hadi saa 3 na kinaweza kurudi mara kadhaa kwa siku, tena saa zile zile, kwa wiki nyingi mfululizo. Vidonge vya kawaida havimsaidii. Hospitalini tunamwekea oksijeni kwa barakoa au anachomwa sindano ya sumatriptani. Asivumilie nyumbani.

Sasa ya nyumbani. Kabla ya kidonge jiulize umekula saa ngapi, umekunywa maji kiasi gani, umelala vipi. Kama wewe ni mtu wa kahawa au chai nzito kila siku na leo hujanywa, kichwa hicho huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Ukitaka kuiacha, punguza kidogo kidogo.

Kwa kichwa cha kukaza, joto shingoni na mabegani linasaidia sana. Chovya taulo kwenye maji ya moto yasiyounguza, likamue, liweke kuanzia chini ya kisogo hadi mabegani, kaa nalo dakika 15 huku umeegemea. Kisha zungusha mabega taratibu, shusha kidevu kifuani, geuza shingo kulia na kushoto bila kuilazimisha. Kwa kipandauso wengi hupendelea ubaridi: kitambaa cha maji baridi kwenye kipaji, chumba chenye giza, kimya, na usingizi.

Dawa. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500, unaweza kurudia baada ya saa 4 hadi 6, lakini usivuke vidonge 8 ndani ya saa 24. Ukizidisha, ini linaharibika, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza unaweza usijisikie chochote. Soma pakiti ya dawa ya mafua kabla hujachanganya, nyingi zina parasetamoli ndani. Mnywaji mkubwa wa pombe, mwenye ugonjwa wa ini au mwenye mwili mdogo sana aulize kwanza, kiwango chake kinaweza kuwa chini ya hicho. Ibuprofeni ni miligramu 200 hadi 400, baada ya kula, isizidi 1200 kwa siku bila daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito aiache. Penye dengi, homa ikipanda pamoja na kichwa, usiguse ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Baki na parasetamoli, ukapime. Watoto wasipewe aspirini kabisa.

Mwenye kipandauso anywe dawa yake mapema, maumivu yakiwa bado madogo. Tumbo hulegea kazi kipandauso kikikolea, kidonge kinakaa humo bila kuingia kwenye damu, au anakitapika.

Haya yafuatayo yasisubiri kesho. Kichwa kilicholipuka ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja, kibaya kuliko vyote ulivyowahi kupata, hata kama kimepoa baadaye: mshipa unaweza kuwa umepasuka kwenye ubongo. Kichwa chenye homa na shingo iliyokaza, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida au degedege: homa ya uti wa mgongo huua kwa saa, si kwa siku. Mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kutotoka: hicho ni kiharusi mpaka kithibitike vinginevyo, na uandike saa dalili zilipoanza, daktari ataihitaji. Kichwa baada ya kugonga kichwa, hasa kwa mzee au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Jicho jekundu linalouma, kuona kwenye ukungu na duara za rangi kuzunguka taa: hiyo inaweza kuwa presha ya jicho, na kuona kunaweza kupotea usiku huo huo.

Na mkiumwa kichwa watu wawili watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, chumba kina jiko la mkaa au jenereta, tokeni nje wote kwanza. Kaboni monoksaidi haina harufu. Ndipo mtafute msaada.

Wengine wasikimbie usiku lakini wasikae wiki: aliyevuka miaka 50 na kichwa kimeanza sasa hivi maishani, mwenye virusi vya ukimwi au saratani, anayeamshwa na maumivu kila alfajiri akitapika, na yeyote ambaye kichwa chake kinazidi wiki hadi wiki. Aliyevuka 50 akiongeza kichwa kuuma akichana nywele, taya kuuma akitafuna au macho kufifia, aende siku hiyo hiyo. Kuna ugonjwa wa kuvimba mishipa ya kando ya kichwa unaoweza kupofusha.

Ulizeni, nipo.

Kipepeo

Ahsante sana dada kwa somo. Mimi nauliza, nina kichwa karibu kila siku. Asubuhi nikiamka lazima vidonge viwili, nisipokunywa sifanyi kazi. Nikinywa napata saa chache kinarudi. Imekuwa hivi tangu mwaka jana. Nimepimwa macho na malaria, hakuna kitu.

Sista wa Zamu (mleta uzi)

Pole sana Kipepeo. Ulichokieleza kinafanana kabisa na kichwa kinachotengenezwa na dawa zenyewe. Hapo mwanzo ulikuwa na kichwa chako cha kawaida, ukakitibu, kikarudi, ukaongeza siku za kumeza, na sasa ubongo umezoea: dawa ikipungua kwenye damu, maumivu yanawaka upya. Parasetamoli au ibuprofeni ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, inatosha kuleta hali hiyo. Vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini au kodeini, na zile za kipandauso aina ya triptani, ni siku 10 tu. Hatuhesabu vidonge, tunahesabu siku. Mtu anayemeza kimoja kila siku yuko hatarini kuliko anayemeza vinne Jumamosi moja.

Tiba ni kuacha. Kama ni parasetamoli au ibuprofeni tu, unaweza kuacha mara moja. Nakwambia ukweli, siku za mwanzo zitakuwa mbaya, kati ya 2 na 10 kwa kawaida. Kichwa kitapanda, usingizi utavurugika, unaweza kutapika. Panga uanze wakati huna mzigo mkubwa wa kazi, mwambie mtu wa nyumbani ajue. Baadaye vinapungua taratibu, wengine huchukua hadi miezi 2 kuona tofauti kamili. Kama dawa zako zina kodeini au tramadoli, usiache peke yako, mwone daktari akushushe polepole.

Na mwone hata hivyo, kwa sababu kile kichwa cha mwanzo kabisa bado kipo chini yake na kinahitaji tiba yake. Mwenye siku nyingi za kipandauso hupewa dawa ya kuzuia ya kila siku, kama propranololi au amitriptilini. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya propranololi.

Baada ya hapo, dawa ya maumivu isizidi siku 2 kwa wiki. Weka daftari: tarehe, saa kilipoanza, upande, ulikula na kulala vipi, hedhi, ulimeza nini, kilikaa muda gani. Mgonjwa akija na ukurasa wa namna hiyo wa mwezi mmoja, daktari anafanya kazi nusu ya muda.

Mzee wa Kazi

Sista hongera, ila hapa umeacha kubwa kuliko yote. PRESHA. Kichwa kikiniuma kisogoni mimi najua presha imepanda, nameza dawa yangu. Kikitulia, naacha. Nimeishi hivyo miaka na niko sawa.

Sista wa Zamu (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Naomba unisikilize kwa hili maana nakujali kabisa.

Presha ya kupanda ya kawaida haiumizi kichwa. Mtu anatembea na 160 juu ya 100 miaka kumi, hajisikii chochote, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vinaliwa. Ndiyo maana wengi wanaijua siku ya kiharusi. Kichwa hutokea ikifika juu sana, kuanzia 180 juu ya 120 hivi, na hapo ukiwa na kichwa kikali, kuchanganyikiwa, kifua kubana au macho kufifia, ni dharura. Na ukipima presha ukiwa na maumivu makali utaikuta juu kwa sababu ya maumivu yenyewe. Kwa hiyo kichwa si kipimo. Siku kisogo hakikuumi presha yako inaweza kuwa juu vile vile, na wewe umeacha dawa.

Mzee, dawa ya presha ni ya kila siku, kichwa kiume kisiume. Tafuta mashine ya mkononi, kaa dakika 5 umetulia, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, pima asubuhi na jioni kwa wiki nzima, uandike. Hizo namba zipeleke kliniki. Naomba urudi utuambie.

Mzee wa Kazi

Marahaba binti. Mashine ipo ya kijana wangu. Nitapima.

Baba Naima

Samahani nakatiza. Mke wangu ana mimba wiki ya 35. Tangu jana jioni kichwa kinamuuma mbele, parasetamoli kanywa mara mbili hakitulii. Asubuhi hii anasema anaona vinyota vinamulika. Miguu imevimba ila mama mkwe anasema ni kawaida ya mimba. Kwa maelezo ya dada hapo juu kwamba presha haiumizi kichwa, tumpumzishe tu au?

Sista wa Zamu (mleta uzi)

Baba Naima, mpeleke hospitali SASA. Usimalize kusoma uzi. Mjamzito aliyevuka wiki 20 akiwa na kichwa kisichotulia na kuona vimulimuli, tunahofia presha ya mimba inayoelekea kifafa cha mimba. Nilichomwambia mzee hakimhusu mjamzito hata kidogo. Nenda palipo na wodi ya wazazi, mlangoni sema hivi: "Ana wiki 35, kichwa tangu jana, anaona vimulimuli." Wampime presha na mkojo mara moja. Beba kadi ya kliniki. Asiachwe peke yake, njiani alale kwa ubavu wa kushoto. Akipata degedege usimwekee kitu mdomoni, mlaze ubavu tu.

Baba Naima

Tunatoka.

nuru_2

Mungu awatangulie.

Dada mimi nina la mtoto. Ana miaka 6, jana kichwa na homa. Utajuaje kama ni hiyo ya uti wa mgongo na si mafua tu?

Sista wa Zamu (mleta uzi)

Nuru, kwanza mwangalie yeye mwenyewe kabla ya kipimajoto. Homa ikishuka kwa dawa akainuka, akacheza, akaomba maji, hiyo inatia moyo. Mtoto ambaye homa imeshuka na bado amelegea, hakutazami machoni, analia akiinuliwa au anataka kulala tu, mpeleke.

Mwambie aguse kifua kwa kidevu akiwa mdomo umefumba. Akishindwa au akilia kwa maumivu ya shingo, mpeleke. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze, angalia utosi kama umetuna, na kilio chembamba kisicho cha kawaida. Angalia na ngozi: vidoa vyekundu au vya zambarau ambavyo ukivikandamiza kwa glasi havifutiki, usisubiri kitu kingine. Kwenye ngozi nyeusi havionekani vizuri, tazama viganja, nyayo na ndani ya kope. Lakini vidoa visipokuwepo usijihakikishie kwamba ni salama, wengi hawavipati.

Na kama mko sehemu yenye malaria, homa na kichwa apimwe leo, usimpe dawa ya malaria kwa kukisia. Parasetamoli ya mtoto ni kwa uzito, miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Tumia kipimo cha kwenye chupa, vijiko vya nyumbani havilingani.

nuru_2

Kidevu kimefika, amekula na anacheza sasa hivi. Ila nampeleka akapimwe malaria. Ahsante.

Jicho la Tai

Nachangia kidogo. Mimi ni wa kipandauso cha vimulimuli. Daktari aliniondoa kwenye vidonge vya uzazi wa mpango nilivyokuwa natumia, akaniambia haviendani na hali yangu. Kuna ukweli?

Sista wa Zamu (mleta uzi)

Upo, na nashukuru umelileta. Kipandauso chenye vimulimuli kinaongeza kidogo hatari ya kiharusi, na vidonge vyenye estrojeni vinaiongeza tena, ukivuta sigara ndiyo zaidi. Kwa hiyo vyenye estrojeni haviruhusiwi kwako. Vya projestini peke yake, kipandikizi au kitanzi unaweza kutumia. Wanawake wengi wanachukua vidonge bila kuulizwa habari za kichwa, kwa hiyo jisemeeni.

Mzee wa Kazi

Binti, nimepima kuanzia ile siku. Asubuhi 172 juu ya 98, jioni 165 juu ya 100. Kisogo hakijaniuma hata mara moja.

Sista wa Zamu (mleta uzi)

Ahsante mzee wangu kwa kurudi. Usisubiri wiki iishe, kliniki kesho na karatasi yako. Kifua kikibana, pumzi ikikata au upande ukilegea, usingoje kesho.

Baba Naima

Wakuu, nimerudi. Siku ile tulikuta presha 168 juu ya 112 na protini nyingi kwenye mkojo. Walimlaza hapo hapo, dawa ya presha, na sindano za magnesiamu salfeti kuzuia degedege. Usiku daktari akasema dawa pekee ya ugonjwa huu ni mtoto kutoka. Amezaliwa jana, wa kike, mdogo ila anapumua mwenyewe. Mama yake kichwa kimetulia. Dada, sijui nikushukuruje. Wanasema watamruhusu keshokutwa.

Sista wa Zamu (mleta uzi)

Alhamdulillah, hongereni sana. Nimefurahi mno.

Bado hamjamaliza, Baba Naima. Presha hii mara nyingi hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6 baada ya kujifungua, na hatari inaweza kuendelea hadi wiki 6. Msiondoke bila tarehe ya kurudi kupimwa ndani ya wiki hii, na dawa za presha alizopewa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Kichwa kikirudi, vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia au pumzi kukata, rudini hata saa nane usiku na mseme alijifungua lini na presha yake ilikuwa ngapi. Akibeba mimba nyingine, aanze kliniki mapema na awaeleze haya yote, maana kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo daktari huweza kumwanzishia kuanzia wiki ya 12 kupunguza uwezekano wa kurudia. Andika hizo namba za presha nyuma ya kadi yake kabla hamjatoka wodini.